Mdundo Mmoja kwa Robo Saa

Mpigaji ngoma wa okestra ya wageni aliugua tumbo njiani, wakamwacha kwenye zahanati pale Mkiwa. Ndivyo nilivyoingia mimi, mwalimu wa darasa la tatu. Muziki wangu wote ulikuwa kupiga ngoma ndogo kwenye bendi ya matarumbeta ya kanisani kwetu Mwankoko.

Okestra ilitoka Dar es Salaam kuja kupiga kwenye ukumbi wa mji wetu, watu arobaini na ala zao. Kiongozi wao, mama mwenye mvi, alinikabidhi vijiti asubuhi ya siku ya onyesho.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Huu ni muziki wa dansi, uliotungwa Ulaya karne iliyopita. Mdundo ni mmoja tu, mwanzo hadi mwisho, robo saa nzima. Sisi sote tunakufuata wewe."

"Na nikikosea?"

"Usikosee." Hakucheka.

Chakula cha mchana nilikiacha. Nilijificha nyuma ya ukumbi nikipiga mdundo ule mapajani mpaka ngozi ikawaka. Halafu nikaondoka. Nilikuwa nimefika getini, natafuta bodaboda, nikakutana uso kwa uso na mama yangu akitokea Unyambwa, kavaa kitenge chake cha harusi.

"Unakwenda wapi?"

"Kununua maji."

"Na hivyo vijiti ulivyoshika?"

Nikarudi ndani.

Tulianza saa kumi. Ngoma inatangulia peke yake, kwa sauti ya chini kabisa. Vidole vyangu vilikuwa vya baridi kama si vyangu. Filimbi ikaingia, kisha klarineti. Hapo mvua ikashuka juu ya mabati, kishindo kitupu. Sikusikia filimbi, wala ngoma niliyokuwa naipiga. Nilipoinua macho nikakuta wapigaji wote wanatazama mikono yangu, maana hata wao hawakusikia.

Hofu ile niliwahi kuionja mara moja tu, siku mwanangu alipopotea mnadani nikawa naona miguu ya watu wengine tu, yake siioni. Nikahesabu kimoyomoyo kwa Kinyaturu, kwa kuwa Kiswahili kilikuwa kimenikimbia.

Nikaongeza kasi. Nilijua. Kiongozi alishusha kiganja: taratibu, taratibu. Mikono haikunisikia. Mpiga tarumbeta alikuwa anahema kama mtu anayepanda mlima. Mvua ilipopungua, okestra yote ilikuwa imeshaingia, inanguruma, na watu wa mstari wa mbele wanatikisa mabega. Mzee mmoja wa kanzu alisimama akacheza. Mimi niliona tu ukuta unaokuja mbele yangu, kama dereva aliyekosa breki.

Tukamaliza kabla ya wakati. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele.

Kiongozi alinijia, jasho linamtoka. "Umetukimbiza."

"Nisamehe mama."

"Nilidhani tunaanguka. Nilidhani hivyo mara tatu." Akanishika bega, akaenda kuwashukuru wageni.

Mama yangu aliniletea chai. Vijiti vilikuwa bado mikononi mwangu, akaninywesha mbele za watu.

"Ulikuwa unaogopa nini, mwanangu? Si ngoma tu?"

Nikaimaliza chai. Jumatatu darasani, herufi zangu ubaoni zilitetemeka, nikazifuta kabla watoto hawajazisoma.