Mama Aliondoka na Neno la Paroko

Walimwita Mama Pindo, maana hakuna kitambaa kilichopita mkononi mwake kikabaki na nyuzi zinazoning'inia. Alishona sare za shule, mashuka ya hospitali na vitambaa vya altare. Wateja wakimharakisha, aliwaambia cherehani yake ni Mkatoliki: Jumapili haifanyi kazi, siku nyingine inatubu.

Utani huo ulikoma pale mdogo wake, kitinda mimba wa nyumba yao, alipojiua. Alikuwa mchomeleaji vyuma, na aliugua akili kwa miaka. Siku njema alitengeneza mageti ya watu. Siku mbaya hata viatu vilimshinda kuvaa. Mama yao, mzee wa kutembelea fimbo, alimwomba paroko aje amzike. Paroko hakuja. Katekista ndiye aliyesali kaburini.

Jumapili iliyofuata paroko akasema mimbarini, "Aliyejiua amekwisha kujihukumu. Kumwombea ni kupoteza maneno." Mama yao alikuwepo, akisikiliza. Tangu siku hiyo hakulitaja tena jina la mwanawe katika sala.

Katekista akamwita Mama Pindo pembeni. "Binti yangu, Kanisa halifundishi hivyo. Moyo wa mtu dakika ile ya mwisho anaujua Mungu peke yake. Sisi kazi yetu ni kumwombea." Akafungua katekisimu, akamsomea.

Mama Pindo hakuita watu. Alikwenda kwa paroko peke yake.

"Baba, nimekuja kwa heshima. Lile ulilosema juu ya mdogo wangu silo fundisho la Kanisa."

"Wewe shona, mama. Mafundisho tuachie sisi."

Dada yao mkubwa aliposikia jibu hilo, alisema kanisani huko hakanyagi tena. "Na wewe bado unamshonea?"

"Namshonea mwenye altare, dada. Paroko ni mpangaji tu mle."

"Haya. Kaeni naye."

Wakaacha kutembeleana.

Mama Pindo akapanda basi hadi kwa askofu. Askofu alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Hukukosea kuja," na akaahidi kuzungumza na paroko. Lakini mambo ya ofisi ni kobe, na mama yao akaanguka kitandani.

"Mwanangu nitamwona wapi?" mzee aliuliza.

"Kwa Mungu, mama. Tunamwombea."

"Padri kasema hapana. Wewe nani umpinge padri?"

Mama Pindo alimsomea maneno yale ya katekisimu, akamletea na katekista. Mzee aligeukia ukuta. Akafa hivyo.

Wiki chache baadaye paroko, baada ya kuitwa na askofu, alisimama mbele ya waumini akakiri kwamba alifundisha kosa. Akasoma Misa kwa ajili ya mama na mwanawe, akiwataja wote wawili kwa majina. Dada mkubwa hakuja, ingawa alitumiwa ujumbe. Baada ya Misa paroko alimfuata Mama Pindo mlangoni.

"Nisamehe, mama."

"Nimeshakusamehe, Baba. Ila yule aliyekuamini hayupo kusikia."

Mama Pindo akaaga, akaenda zake. Bado anasali pale na bado anashona. Ikifika sala ya kuwaombea marehemu, hushindwa kuitikia, na wanawake walio karibu humsogelea, wakaitikia kwa niaba yake.