Ruhusa ya Mama Miche

Mama Miche alifua mashuka ya hospitali kwa miaka thelathini. Siku ya kustaafu aliwaambia wanawe kwamba ameosha vya kutosha, sasa anataka kuotesha. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na kipande cha ardhi chembamba, kinachopakana na kwa Mwalimu. Hapo ndipo alipopanga vifuko vyake vya mipapai, milimao na mipera, na haukupita mwaka jina lake la zamani likasahaulika hata na mashemeji.

Mwalimu alikuwa mstaafu mwenzake, mtu mpole aliyefundisha hesabu maisha yake yote. Siku moja, akipekua makaratasi ya marehemu baba yake, alikuta kwamba kiwanja chao kinakwenda "hatua arobaini kutoka barabarani". Akatoka kuzihesabu. Hatua ya arobaini ikamfikisha katikati ya mipapai. Hakutukana mtu, hakung'oa mche hata mmoja. Alikwenda kushtaki tu.

Baraza la ardhi lilikuja mahali penyewe. Wajumbe wakatembea, wakaushika kwa mikono ua wa minyaa uliokuwapo mpakani tangu zama za wazee, wakampa haki Mama Miche. Mwalimu akakata rufaa. Huko juu hakuna aliyekuja kuona. Karatasi zilisomwa, zile hatua zikahesabiwa kuwa mita, na kipande chote kikaenda kwa Mwalimu.

Mama Miche alishika njia ya kutoka mahakamani. Karani wa masjala ndiye aliyemwita dirishani.

"Mama, usiondoke hivyo. Unaweza kwenda mahakama ya juu zaidi, ila si moja kwa moja. Kwanza uombe ruhusa ya kukata rufaa. Una siku thelathini, usizichezee."

"Yaani naomba ruhusa ya kwenda kuomba?"

"Ndivyo ilivyo, mama."

Alirudi nyumbani, akajifungia na daftari. Siku ya kumi aliibuka na kurasa saba, akazipeleka kwa mpiga chapa aliyekaa mkabala na mahakama. Watu walimwita Kidole Kimoja, kwa sababu alichapa kwa kidole kimoja tu, polepole, lakini kosa hulioni. Alizisoma zote kabla ya kugusa mashine.

"Shangazi, niseme kweli?"

"Sema, baba."

"Hapa umelia kurasa saba. Umemweleza jaji habari za marehemu mumeo, za mgongo wako, mpaka za kuku wa jirani. Mimi si mwanasheria, lakini nimechapa haya maombi miaka ishirini. Ruhusa haitolewi kwa kuonewa huruma. Wanataka kujua kama kuna jambo la sheria la kuamuliwa."

Mama Miche alihisi uso unamwaka. Akataka kuzinyakua karatasi zake aondoke.

"Kaa kwanza," Kidole Kimoja akamwambia, akamsogezea kiti. "Alhamisi kuna wakili anakaa chumba cha nyuma ya maktaba, anasaidia watu bure. Mpelekee hizi. Akikuandikia, rudi, nitachapa siku hiyohiyo."

Wakili mwenyewe alikuwa binti mdogo kuliko kitinda mimba wake. Mama Miche alipomwona moyo ulimwingia ubaridi, lakini yule binti alizisoma kurasa saba bila kuruka mstari, akauliza maswali mawili. Je, kuna shahidi yeyote aliyesema hatua moja ni mita moja? Hakuna. Je, hukumu ilieleza kwa nini imewapuuza waliokwenda kuuona mpaka? Haikueleza.

"Basi, mama, kesi yako ndiyo hiyo," akasema. Kurasa saba zikawa moja na nusu. Ombi liliingia masjala zikiwa zimebaki siku tatu.

Siku ya kusikilizwa, jaji alikuwa mama wa makamo mwenye miwani. Wakili alisimama, akatoa hoja zake mbili, akakaa. Kisha jaji akamgeukia Mwalimu, aliyekuja peke yake na faili lake kwapani.

"Unapinga ombi hili?"

Mwalimu alisimama, akakohoa.

"Mheshimiwa, nimefundisha hesabu miaka thelathini na minne. Tangu nishinde, nimezirudia zile hatua mara tatu, na kila mara zinaishia pengine. Sipingi. Hata mimi nataka mpaka uangaliwe sawasawa."

Jaji akainamisha kichwa, akaandika kwa muda. Ruhusa ikatolewa palepale.

Mama Miche hakupiga vigelegele. Alikaa kwenye benchi la ukumbini, mikono mapajani, machozi yakimtoka bila kelele. Rufaa yenyewe bado ilikuwa mbele, na angeweza kushindwa. Hilo alilijua vizuri. Lakini alikuwa akiwaza karani aliyemwita dirishani, mpiga chapa aliyethubutu kumwambia ukweli, na binti aliyesoma hata habari za kuku. Hakuna aliyemdai shukrani.

Mwalimu alipita mbele yake, akasita.

"Mama Miche, una mlimao uliokomaa kidogo?"

"Ninao, Mwalimu. Ila uko kwenye sehemu unayodai."

Akacheka mpaka faili likamponyoka. Mama Miche akainama, akamwokotea karatasi zake moja moja.

"Asante kwa ulichosema mle ndani," akamwambia, akimkabidhi.

"Ningesema nini? Ndivyo zilivyotoka."

Wakashuka ngazi pamoja. Nje, Mama Miche akamuaga jirani yake, akavuka barabara kwenda kwa Kidole Kimoja, maana habari kama ile hakutaka aisikie kwa mtu mwingine.