Pedali Mbili, Meza Moja

Pedali zote mbili zilikuwa mezani kwangu Jumamosi ileile, na kosa langu lilianzia hapo. Moja ilikuwa ya msimamizi wangu kwenye ghala la Wetherill Park, Mchile aliyepiga piano katika bendi yake ya kumbia, muziki wa dansi wa Kilatini. Nyingine ilikuwa ya mwenye nyumba wangu pale Fairfield, mpiga tarumbeta kutoka El Salvador, naye akiwa na bendi yake. Kila mmoja alikuwa amenivuta pembeni kwa wakati wake. Anataka kuachana na karatasi, noti zote ziingie kwenye tableti, ukurasa ugeuke kwa kukanyaga pedali isiyo na waya. Kila mmoja alitaka kuwa Mlatino wa kwanza kufanya hivyo upande wetu wa Sydney. Na kila mmoja aliniambia, "Yule bwana wa bendi nyingine asijue."

Nikasema sawa. Mara mbili.

Nilikuwa na shahada ya kompyuta na kazi ya kubandika lebo kwenye maboksi. Ofisini, juu ya ngazi, palikuwa na nafasi ya kutunza mifumo ya ghala, na Mchile alikuwa ameahidi kunisemea. Ningemkataliaje? Na mwenye nyumba, ningemkataliaje mtu ninayepishana naye jikoni kila asubuhi? Lakini kila nikipanda kitandani niliwaza: Mchile akijua nimemhudumia hasimu wake, ataniona ndumilakuwili, na nani humsemea ndumilakuwili?

Ugomvi wao ulinizidi umri. Zamani walikuwa bendi moja. Kisha Mchile akanunua kinanda cha umeme chenye sauti ya tarumbeta ndani yake, cha kwanza Fairfield kwa maneno yake mwenyewe, na siku hiyo mwenye tarumbeta ya kweli akabaki amekaa. Hajasamehe. Miaka ya baadaye alikuwa wa kwanza kuweka video ya bendi mtandaoni. Mchile alisema ile haikuwa video, ilikuwa giza lenye kelele.

Ujuzi wenyewe niliutoa kanisani. Mama mmoja Mkongo, mtunza wazee kwa kazi yake, alipiga kinanda cha kwaya akisoma kwenye tableti, pedali chini ya kiatu chake cha ibada. "Ventilateri, hii feni yetu, ilikuwa inanirushia makaratasi, mwanangu," aliniambia. "Sasa irushe nini?"

Mtu mtulivu, Jumamosi ile, angeunganisha kila pedali na tableti yake akamaliza. Mimi nilijiuliza: je, moja ikifa jukwaani? Nikaunganisha kila pedali na tableti zote mbili, ili ikibidi moja imwokoe mwenzake. Nilijisifu kwa tahadhari hiyo. Hata chai niliinywa kwa raha.

Mwezi uliofuata bendi zote mbili zilialikwa kwenye tamasha la mchana bustanini. Ya Mchile ilitangulia. Kabla ya kukaa aliinua tableti juu watu waione, kisha akaiweka kwenye piano. Nilisimama karibu na ngazi za jukwaa, betri nimeshaziangalia mara nne.

Wimbo wa pili ulikuwa katikati mwenye nyumba alipofika na mkoba wake. Akaiona tableti ya mwenzake iking'aa pale juu. Alitoa pedali yake, akaiweka chini, akaiwasha, akaikanyaga kuona kama taa inawaka. Tableti yake ilikuwa bado imezimwa mkobani, kwa hiyo pedali ikatafuta nyingine inayoijua.

Mchile aliinua kichwa. Akapiga kioo kwa kidole, akarudisha ukurasa. Mwenye nyumba akakanyaga tena, mara tatu. Kurasa zikakimbia.

"Ondoa mguu!" nilimwambia. "Tafadhali, ondoa mguu!"

"Kwa nini? Inafanya kazi."

"Inafanya kazi kule."

Akatazama nilikoonyesha. Akakanyaga tena, taratibu sana, na alipoona Mchile anaruka akacheka mpaka akashika nguzo ya jukwaa. Sehemu ya wimbo iliyobaki Mchile aliipiga kutoka kichwani, macho yamemtoka, na vidole havikukosea hata mara moja. Watu waliendelea kucheza. Mimi nilikuwa nimeshaanza kutunga barua ya kuacha kazi.

Alishuka na tableti mkononi. "Nani?"

"Ni mimi," nikasema. "Niliwatengenezea wote wawili. Siku moja, meza moja."

Nikangoja lile neno, ndumilakuwili. Mchile alinitazama, akamtazama mwenzake, akauliza: "Ulianza na ya nani?"

"Mwambie, mija," alisema mwenye nyumba, ambaye aliniita hivyo, binti yangu, alipokuwa na furaha. "Ulianza na ya nani?"

Nilikuwa nimejiandalia maswali yote isipokuwa hilo. Na jibu nililijua: ya mwenye nyumba, iliyotangulia kwa saa nzima, kwa sababu ile nyingine ilikuwa inachajiwa. Shahidi hakuwepo. Uongo wa neno moja ungenipeleka juu ya ngazi. Lakini nikiingiwa na hofu huwa sichagui maneno, yanatoka yote.

"Ya mwenye nyumba. Ilitangulia kwa saa moja. Lakini wa kwanza si yeyote kati yenu. Kuna mama kanisani kwetu anatumia tangu mwaka jana."

"Kanisani?"

"Kwenye kwaya."

"Kwaya si jukwaa," alisema Mchile.

"Kwaya haihesabiki," alisema mwenye nyumba. Kisha wakatazamana, kama watu walioshtuka kujikuta wanakubaliana.

Jumatatu ofisi ilimpigia Mchile kuniulizia. Alitoka na simu hadi kwenye maegesho ya malori. Kupitia kioo nilimwona akitembea, akisikiliza, mguu wa kulia ukipigapiga lami. Alitikisa kichwa mara mbili.

"Wameuliza kama wewe ni mkweli," alisema aliporudi. "Nimewaambia unasema kweli hata usipoulizwa."

"Hilo ni zuri au baya?"

"Wataamua wao." Akavuta karatasi za mizigo ya asubuhi. Baadaye kidogo, bila kuniangalia: "Huyo mama wa kwaya. Pedali yake ina vibonyezo viwili au vinne?"

"Vinne."

Akaandika pembeni ya karatasi.

Nafasi niliipata baada ya wiki mbili. Zile mara mbili alizotikisa kichwa bado nazifikiria: alikuwa akikataa nini?