Siku Kikosi cha Afande Cheche Kilipotoka Uwanjani

Wifi yangu ni fundi wa kuchomelea. Anafanya kazi kwenye gereji ya mabasi nyuma ya soko, na ukipita pale mchana utamkuta amelala chini ya basi, miguu tu ndiyo iko nje, cheche zinamrukia huku na huku. Ndiyo maana watu wanamwita Cheche. Watoto wa mtaa wanaongeza na Afande mbele, na hilo la uafande ndilo lililonitia hasira ambazo mpaka leo sijapata pa kuzitua.

Ujanani alipita jeshini. Hakudumu. Goti lilimharibikia mazoezini, wakamrudisha nyumbani anachechemea, lakini ile sauti ya gwaride alirudi nayo nzima. Mume wangu, ambaye ni mdogo wake, husema dada yake hajawahi kuomba chumvi mezani, huiamuru.

Kikosi cha kadeti alikianzisha mwenyewe. Kijana mmoja aligongwa na gari mbele ya gereji, na watu wakamzunguka wakimtazama, simu mkononi, hakuna aliyejua amshike wapi. Cheche alitoka chini ya basi na glavu zake za kazi, akamfunga mguu kwa vipande vya mbao, akawapigia kelele wale watazamaji mpaka wakapata adabu. Jioni ile alikuja kwangu, akakaa kwenye kigoda jikoni, akasema, "Wifi, mtaa mzima huu hatuna mtu wa kumshika majeruhi. Kuna watoto kibao wanashinda barabarani wanapiga soga. Nitawafundisha."

"Utawafundisha wapi, na hilo goti lako?"

"Goti halifundishi. Mdomo ndio unaofundisha."

Akaomba ukumbi wa mtaa kwa siku za Jumamosi, akapewa kwa shingo upande. Ngoma za gwaride alizitengeneza mwenyewe kwa mabati ya gereji. Binti yangu alikuwa wa mwanzo kujiunga, akakabidhiwa ngoma kubwa. Nyumbani alimwita shangazi, uwanjani afande, na ole wake achanganye. Siku moja alijisahau akaita "Shangazi!" katikati ya mazoezi, akazungushwa ukumbi mpaka ulimi ukamtoka nje. Alirudi nyumbani amenuna, akala, akalala, Jumamosi iliyofuata akawa wa kwanza kuamka.

Na wale watoto walikuwa wazuri, jamani. Sisemi kwa sababu mmoja ni wangu. Walishinda mashindano ya gwaride dhidi ya shule zenye sare za kupigwa pasi na glavu nyeupe, wao wakiwa na viatu vya kila rangi vilivyopakwa dawa nyeusi vifanane. Asubuhi walisimama kwenye kivuko cha barabara kuu kuwavusha wanafunzi wadogo. Walizunguka madarasani kufundisha wenzao kuzuia damu na kumsaidia aliyepaliwa. Kijana mmoja aliyekuwa mkorofi kupindukia, tulimwita Kombora, akawa ndiye anayegombeza wenzake wakichelewa.

Kisha ukaja moto.

Ilikuwa likizo, kadeti wako ukumbini wanafanya mazoezi. Karakana za samani zilizo upande wa pili wa barabara zikashika moto, na ukuta kwa ukuta na karakana hizo kuna chekechea ya watoto ambao mama zao wako kazini. Vanishi, mbao, magodoro. Moshi ulipanda mweusi kama lami. Mimi nilitoka mbio sokoni, kiatu kimoja mguuni, nikijua mwanangu yuko karibu na pale.

Nilichokikuta sitakisahau. Watu wazima tulikuwa tunakimbia ovyo kama kuku. Wale watoto walikuwa wamejipanga. Kundi moja limeshikana mikono kuzuia umati usizibe barabara, gari la zimamoto likapita bila hata kupiga honi mara mbili. Kundi jingine lilikuwa limeingia chekechea kwa mlango wa nyuma na kamba ya gwaride, na watoto wadogo walikuwa wanatoka wameishika ile kamba mmoja nyuma ya mwingine, vitambaa vya maji puani, huku Kombora akiwaimbia wasilie. Binti yangu alikuwa amepiga magoti kando ya fundi seremala aliyeungua mikono, anaimwagia maji taratibu, anamwambia, "Usiikunje, mjomba. Tazama mimi. Usitazame mkono." Cheche alisimama katikati ya barabara, anachechemea huku na huku, sauti imemkauka.

Hakuna mtoto hata mmoja aliyedhurika. Nilimkumbatia binti yangu nikalia, naye akaniambia kwa aibu, "Mama, niko kazini."

Sasa niingie kwenye lililonikera.

Kuna bwana mmoja, mratibu wa vijana. Ana ofisi yenye pazia na kiyoyozi. Sisi tunamwita Kipaza, kwa sababu akishika kipaza sauti huwezi kumnyang'anya ila umeme ukatike. Miaka yote ya kikosi kile alikuwa amefika ukumbini mara moja, akapigwa picha amevaa kofia ya kadeti, akaondoka nayo. Siku ya pili baada ya moto alikuwa redioni: "Programu yetu ya vijana imezaa matunda." Programu yetu! Nilikuwa nakatakata vitunguu, nikakiweka kisu chini nisije nikajikata.

Baadaye zikaja habari kwamba kikosi kitapewa ngao ya ushujaa uwanjani, mbele ya mgeni mkubwa kutoka makao makuu. Watoto walirukaruka. Tulishona, tulifua, tulipiga pasi. Hata Cheche, ambaye hana habari na urembo, alipaka viatu rangi mpaka unajiona ndani yake.

Siku yenyewe waliambiwa wafike alfajiri. Wakafika. Wakapangwa katikati ya uwanja, kwenye jua. Pembeni kulikuwa na maturubai, viti vimefungwa vitambaa, chupa za maji zimepangwa juu ya meza. Hayo ni ya wenye beji. Sisi wazazi tulizuiwa nyuma ya kamba. Mgeni hakufika. Jua likapanda. Mgeni hakufika. Watu wa chini ya maturubai wakawa wanajipepea kwa karatasi za ratiba.

Cheche alimfuata Kipaza. Nilikuwa karibu, nilisikia kila neno.

"Bwana mratibu, naomba watoto wakae kivulini mpaka gari la mgeni lionekane. Wakiitwa watajipanga mara moja, nakuhakikishia."

"Afande, wakikaa watachafuka. Picha itaharibika."

"Basi wapewe maji."

"Maji ni ya meza kuu. Na wewe mwenyewe ulikuwa askari, unajua uvumilivu. Wavumilie."

Wavumilie! Yeye alikuwa ameketi, shati limekauka, chupa ya pili mkononi. Nikajaribu kupenya kwenye kamba na chupa yangu ya maji ya nyumbani, kijana wa ulinzi akanirudisha kwa kiganja kifuani kana kwamba nimekuja kuiba.

Nikamwona binti yangu anayumba. Ngoma ile ni nzito, mkanda wake unakata bega. Aliyumba mara moja, akajirekebisha. Nilimwita kwa jina, hakugeuka, maana walikuwa mguu sawa. Kisha akaanguka na ngoma yake, kifudifudi, na ule mlio wa bati kugonga ardhi ukasikika uwanja mzima.

Hapohapo ving'ora vikalia langoni. Na Kipaza, ninaapa, akakimbilia kipaza sauti, si mtoto. "Mtu asivunje mstari! Mgeni anaingia! Huyo mwacheni, atatolewa baadaye!"

Atatolewa baadaye. Kama kiti kilichovunjika.

Watoto hawakutikisika. Walimtazama Cheche, macho tu yaligeuka. Naye alisimama pale sekunde chache, uso umekakamaa, nikafikiri, ya Rabi, ujeshi umemshinda, atatii. Kisha ile sauti ikatoka, bila kipaza chochote.

"Kikosi! Majeruhi mmoja! Tenda!"

Ungewaona! Wanne walimwinua kama yai. Hawakumpeleka nyuma ya uwanja; walimpeleka moja kwa moja chini ya turubai la meza kuu. Kombora akazisogeza zile chupa kwa mkono mmoja, wakamlaza juu ya kitambaa cheupe cha meza, wakamwinua miguu, wakamlegeza kola. Wenye beji waliruka kwenye viti vyao. Mama mmoja mnene mwenye kilemba, wa meza kuu hiyohiyo, ndiye pekee aliyevua mtandio wake akaulowesha na kumpangusa mwanangu uso. Mimi nilikuwa nimeshapita ile kamba. Sikumbuki nilipitaje. Kijana wa ulinzi anakumbuka, maana nasikia aliugua kidole.

Binti yangu alifumbua macho, akauliza, "Ngoma imepasuka?"

Kipaza alifika anahema. "Cheche, unanifanyia nini? Gari linakuja! Warudishe kwenye mstari! Huyu si amezinduka?"

Cheche alimpa mgongo. Aliwageukia watoto. "Mstari!" Wakajipanga, na Kipaza akashusha pumzi, akaanza kutabasamu kuelekea langoni. Tabasamu halikufika mbali.

"Kwa kushoto... geuka! Mbele... tembea!"

Wakatoka. Hawakutoka kwa fujo, ndugu yangu. Wangetoka kwa fujo ingekuwa rahisi kuwalaumu. Walitoka kwa hatua moja, mikono inapanda sawasawa, wanne wamebeba mwenzao kwenye machela ya mikono yao, ngoma iliyobonyea inapigwa na Kombora. Walipishana na gari la mgeni langoni kabisa. Kioo kilishuka, mgeni akawatazama, na mimi niliyekuwa nyuma yao nilimsikia akiuliza, "Hawa wanakwenda wapi?" Na Kipaza, aliyekuwa anakimbia kando ya gari, akajibu bila kumeza mate, "Wanakwenda kujipanga upya, mheshimiwa."

Ngao ikapokelewa na Kipaza kwa niaba yao.

Tulipofika ukumbini Jumamosi iliyofuata tulikuta kufuli jipya. Ngoma zote ziko ndani. Cheche akaitwa mbele ya kamati ya mtaa inayosimamia ukumbi, nami nikaenda naye kama mzazi, maana nilijua akienda peke yake atasema machache mno. Walikuwa wameketi mstari mmoja kama waamuzi wa mchezo, Kipaza akiwamo. Mwenyekiti akasema hawana ugomvi naye, wanataka tu awaombe radhi mbele ya watoto, ili wajue nidhamu ni nini.

"Niombe radhi kwa kuwafundisha," Cheche akauliza, "au kwa wao kuelewa?"

"Afande, usijibu swali kwa swali. Ulivunja amri."

"Niliwafundisha kwamba mtu akianguka, anaokotwa. Amri iliyokataa hilo sikuitoa mimi."

Mimi nikasema yangu, na sikuyasema polepole. Niliwauliza ni nani kati yao angemwacha mwanawe chini ili gari lipite. Mmoja akakohoa, mwingine akaangalia saa. Kipaza akasema, "Mama, tusilete hisia hapa." Hisia! Mwanangu alikuwa na alama ya kokoto kwenye paji la uso.

Wakamwondoa. Kikosi kikapewa kijana mwingine mwenye filimbi mpya. Sare mpya zikaja. Wazazi wengine wakawarudisha watoto ukumbini, na siwalaumu. Mtu anaogopa mwanawe asije akanyimwa nafasi mahali kwa sababu ya ugomvi wa wakubwa. Ila kuna waliotupita njiani bila salamu, watu ambao watoto wao walitoka chekechea wameshika ile kamba. Hao nawalaumu, na nitawalaumu nikiwa mzima.

Waliobaki walimfuata Cheche gereji. Mwenye gereji aliwapa uwanja wa nyuma, mabasi yakiwa barabarani. Hawana ngoma wala sare, na jina la kikosi wamekatazwa kulitumia. Wanafanya mazoezi na nguo za nyumbani, mafuta ya mashine yanawachafua, mimi nafua na kusonya.

Juzijuzi nilishindwa kujizuia, nikaenda ofisini kwa Kipaza kudai ngao. Ipo, imetundikwa nyuma ya kiti chake, inang'aa. Nikamwambia, "Hiyo ni ya watoto." Akanikaribisha kiti kwa upole wa kuudhi, akasema ngao ni mali ya ofisi, na kwamba mgeni ameulizia tena wale watoto waliotembea vizuri, hivyo Cheche akikubali kuwaleta sherehe ijayo, mambo yanaweza kuzungumzika. Nikamjibu maneno ambayo katibu wake, aliyekuwa anachapa chumba cha pili, aliacha kuchapa ili ayasikie vizuri.

Nilikwenda gereji moja kwa moja, nikamweleza wifi kila kitu. Alikuwa na watoto ndani ya basi bovu lililolazwa ubavu, wanajifunza kumtoa abiria kwa dirishani. Binti yangu ndiye aliyekuwa anatoa maelekezo.

"Mwambie sawa," akasema Cheche. "Watakuja. Watakaa kivulini, watakunywa maji, na watasimama mgeni akishafika. Akikubali hayo, aje aniambie mwenyewe, hapa, mbele yao."

"Na ngao?"

"Wifi, hebu nishikie huu mlango. Huyu mtoto amenasa."

Nikaushika mlango. Ujumbe nilimpelekea Kipaza, lakini mpaka leo hajaja. Wenzangu wananiambia nisamehe yapite, ni ngao tu. Mimi nasema si ngao tu, na nikipita pale ofisini bado naitazama kupitia dirishani, na damu inanichemka upya kila mara.