Paa la Maman Nsimire

Nyumbani kwangu mtaa wa Nguba, mjini Bukavu, natengeneza mfano mdogo wa reli, wa kuwekwa mezani, na juzi nilikuwa napaka paa la kiwanda chake, dogo kama kiganja, rangi ya kutu. Nilipoona mabati mazee ya jirani yangu, Maman Nsimire, nilifurahi mno nikaanza kuyapiga picha.

“Unaangalia mabati yangu, papa?” akauliza.

“Ndiyo, maman. Hii kutu ndiyo nilikuwa natafuta. Kesho nakuletea paa, utaiona.”

Akaniita ndani, akanipa ugali na sambaza, samaki wadogo wa ziwa. Nikala kwa raha, nikidhani amependa sanaa yangu.

Kesho yake nikakuta mafundi wawili juu ya nyumba yake, wameshang’oa mabati yote.

“Paa iko wapi, papa?” akauliza.

“Iko hapa, maman,” nikasema, nikafungua kiganja.