Nilivyompandisha baba mdogo kwenye kifaru msibani

Wakuu, habari za mchana. Hii ilinitokea mwenyewe Buhembe, na ndugu zangu waliomo humu wataniumbua nikiongeza chumvi. Chumvi nilishaimaliza siku ya msiba.

Nilikuwa na kibanda umiza, cha kuonyesha picha za video, pale Nyanga. Picha zilizojaza watu ni za vita: kifaru kinafunguka juu, stering, shujaa wa picha, anachomoza na bunduki, maadui wanakwisha.

Baba mdogo alikuwa mteja wangu. Ila kifaru kikiingia shambani tu, anatoka nje. Nilidhani anafuata sigara.

Kwenye ukoo tulijua kwamba wakati wa vita vya Kagera, akiwa kijana kwao Kimwani, "alihusika na kifaru". Basi. Tulijua pia kwamba babu alimfukuza na kumnyima kibanja, yaani shamba la migomba la nyumbani, ndiyo akahamia Buhembe. Watu walisema aliiba. Deo, mwanawe mkubwa, alikua na aibu hiyo.

Alipofariki nikapewa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu.

Nikasema ngoja nimsafishe. Nikamfanya dereva wa kifaru, nikamchomoza juu na bunduki, moshi umetanda. Nikausoma mbele ya mchungaji na waombolezaji wote, kwa sauti nzito ya matangazo ya picha.

Nilipokaa, mzee mmoja kutoka Kimwani akaomba kusema neno. Akasema dereva wa kile kifaru alikuwa yeye mwenyewe, si marehemu.

Wakuu, nilitamani ardhi ipasuke.

"Tulinasa kwenye tope," akaendelea. "Huyu akachukua panga, akakata migomba ya baba yake, tukaitandika chini ya minyororo, tukapita. Baba yake amesimama anatazama."

Kwa wasio Wahaya: kwenye kibanja ndipo wazee wetu wamezikwa. Hakuna anayekifyeka baba akiwa hai.

Deo aliuliza swali moja tu. "Kwa hiyo hakuiba?"

"Hakuiba kitu, mwanangu."

Deo akainama akalia. Na mimi nililia, sifichi.

Baadaye aliomba karatasi yangu. Akafuta kifaru chote kwa peni, akaandika: Alikata migomba ili jeshi lipite.

Funzo kwangu: nilikaa na stering kibandani miaka yote, akitoka nje mbele ya macho yangu, nisimuulize hata mara moja anakwenda wapi.

Wenye wazee waliopitia vita, mmewauliza? Tiririkeni hapo chini. Matusi ya wasifu nayapokea pia.