Tone Lisiloganda

Mama yangu, mkulima wa ndengu huko Kiritiri, alicheka nilipompa mkebe nikamwomba anijazie vumbi la uani. "Vumbi ya kwetu sasa inaenda university?" aliuliza. Akalichekecha kwa kitambaa, akanifungia vizuri kama unga wa uji.

Nilikuwa chuoni Nchiru nikisomea shahada ya pili, na kazi yangu ilikuwa kutazama matone ya maji ya chumvi yakikauka. Ni matone madogo mno, kama yale ambayo bahari huyarusha na upepo ukayabeba mbali. Tone la chumvi safi lina ukaidi: hewa inayolizunguka huzidi kukauka, nalo hubaki majimaji, kwa kuwa chumvi haina pa kuanzia kuganda. Litie punje moja ya vumbi, chumvi itaishikilia na kugeuka fuwele mapema. Nilitakiwa kuonyesha tofauti hiyo.

Tofauti haikuonekana. Matone safi na yale yenye vumbi la mama yaliganda pamoja. Nilibadilisha chumvi, nikabadilisha maji, nikaosha vioo vya kuwekea matone mpaka vidole vikachubuka. Mwalimu aliyenisimamia alichungulia kwenye hadubini, akavua miwani.

"Hizi matone zako zote ni sawa tu," alisema. "Kama kufikia Friday hakuna difference, hii mashine nitapea mwingine, na wewe utafute topic ingine."

Nilimchukia siku hiyo, ingawa alisema kwa upole.

Kila asubuhi nilifungua maabara, nikafagia, ndipo nikapulizia matone kwenye vioo. Kwetu mtu haanzi kazi katika chumba kisichofagiwa. Tena kwetu hufagii kabla ya kunyunyiza maji sakafuni ili vumbi litulie, lakini maabara ile ilikuwa na nyaya za umeme chini, basi nilifagia hivyo hivyo pakavu. Alhamisi jua lilipenya dirishani nikiwa bado na ufagio mkononi, nikaona chembe zinaelea hewani na kutua taratibu juu ya meza, kwenye vioo vya matone safi. Nikakaa chini. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Ijumaa sikufagia. Niliingia polepole, nikapulizia matone, nikaifunika meza. Hewa ilipoanza kukauka, tone lenye vumbi likawa jeupe. Lile safi likabaki duara, linang'aa, majimaji vilevile. Mwalimu alilitazama kwa muda mrefu.

"Sawa. Endelea," akasema.

Nilitoka nje nikalia kwa furaha bila kujali wanafunzi waliokuwa wakipita, kisha nikampigia mama.

"Imekubali?"

"Imekubali, mama."

"Ulifanya nini?"

"Niliacha kufagia."



"Hiyo usiambie watu wa huku," alisema. "Watasema sikukulea."